Mwasumini wa pwani katika bustani ya bara

Sisi watu wa pwani tuliohamia bara tuna neno letu la kujiliwaza: asumini haiwezi baridi. Nimelisema miaka. Miche mitatu ya kwanza niliibeba kutoka Tanga ndani ya basi, mizizi imefungwa gunia bichi, na yote ilinifia Arusha kabla mwaka haujaisha. Nikaulaumu mwezi wa Julai. Mche wa nne ulipoanza kunyauka niliufukua nione kuna nini huko chini: mizizi myeusi, inateleza, inanuka kinamasi. Baridi haikuhusika. Nilikuwa nikiumwagilia kila jioni kwa huruma, katikati ya kipupwe, chini ya kivuli cha mparachichi.

Mwongozo huu ni wa bustani za namna ya Arusha, Moshi, Lushoto, Iringa na Nairobi, mahali ambapo baridi ipo lakini haigandishi maji. Mwasumini wetu, ambao wataalamu wa mimea wanauita Jasminum sambac, ni kichaka kinachobaki kijani mwaka mzima. Asili yake ni Asia ya Kusini, na ni wa ukoo mmoja na mzeituni. Barafu huuunguza, lakini haufi kwa usiku wa nyuzi 12. Husinzia tu. Ukilishika hilo, kwamba Juni, Julai na Agosti mmea umelala, utajua wenyewe lini upande, maji kiasi gani, na siku gani ushike mkasi.

Kwanza, hakikisha ni wenyewe

Kwenye vitalu vya kando ya barabara jina "jasmini" limebandikwa kwenye mimea ambayo haijuani hata kwa mbali. Kabla hujalipa, omba jani moja ulivunje. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, rudisha mche mahali pake. Mwasumini hautoi maziwa. Kisha tazama majani yalivyokaa. Ya mwasumini ni mazima, hayakugawanyika vipande vipande, yana umbo la yai lenye ncha, mishipa imezama kidogo, na yamepangwa mawili mawili yakitazamana, pengine matatu matatu kulizunguka tawi.

Kuna kichaka kimoja cha kukiangalia kwa makini: kina majani marefu membamba na vishada vya maua ya kijani iliyofifia, membamba kama vijiti, yanayonukia usiku hadi kichwa kinagonga. Huuzwa kama "malkia wa usiku" au jasmini ya usiku. Kina sumu kuanzia jani hadi tunda, na kwenye nyumba yenye watoto wadogo au mbuzi nisingekipanda.

Mwasumini wenyewe una aina zaidi ya moja. Upo wa petali chache, tano hadi tisa hivi, wazi kama nyota. Na upo ambao petali zimesongamana hadi ua linafanana na kiwaridi kidogo cheupe. Huu wa pili unapendeza machoni, lakini hukua polepole na hutoa maua machache, na huku kwenye ubaridi maua yake mengi huoza kabla ya kufunguka. Anza na wa petali chache. Ukiuweza, ndipo utafute mwingine.

Mahali pa kupanda

Hapa ndipo watu wa bara wanapokosea zaidi, kwa sababu wanapanda pale palipobaki wazi.

Arusha na Nairobi ziko kusini kidogo ya ikweta. Kuanzia Aprili hadi Septemba jua la adhuhuri huwa limeegemea kaskazini, na hiyo ndiyo miezi ambayo mwasumini unahitaji kila chembe ya joto. Upepo wa baridi nao huvuma kutoka upande wa kusini. Kwa hiyo mahali pake ni upande wa kaskazini wa nyumba: jua linapiga, nyumba inakinga upepo, na ukuta wa matofali unaokunywa joto mchana unalirudisha polepole usiku. Ukiwa na kona inayotazama kaskazini-magharibi, hiyo ni bora zaidi, maana asubuhi za Julai huku kwetu mara nyingi ni mawingu matupu na jua hujitokeza mchana.

Mmea unataka saa sita za jua. Ukipata tatu utaishi, utakuwa na majani mazuri, na utakupa maua ya kuhesabu kwa vidole.

Usiusogeze ukutani kabisa. Acha kama sentimita 60, kwa sababu chini ya ukuta mvua haifiki vizuri na mara nyingi kuna mabaki ya saruji na chokaa ya mafundi, vitu ambavyo mwasumini hauvipendi. Epuka pia pale maji ya paa yanapomwagikia. Na kama nyumba ina dirisha unalolifungua usiku upande huo, panda karibu nalo; ua hili linafunguka gizani, na haina maana kulipanda getini kwa ajili ya walinzi tu.

Kuupima udongo

Chimba shimo la sentimita 45 kila upande, kwenda chini vilevile. Lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Kama baada ya saa tatu au nne maji ya mara ya pili bado yamesimama, hapo hapafai. Udongo wa volkano unaozunguka Mlima Meru kwa kawaida unapitisha maji vizuri. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata kwenye viatu masika na kupasuka nyufa kiangazi, hauufai mmea huu. Ukiwa juu ya udongo huo usihangaike kuutibu shimo kwa shimo, kwani shimo lenye mchanga katikati ya mfinyanzi hugeuka bakuli. Inua tuta la sentimita 30 na upande juu yake.

Changanya udongo uliotoka shimoni na debe moja la samadi iliyooza kabisa. Ikiwa bado inanuka, haijaiva. Udongo ukiwa mzito, ongeza mchanga wa mtoni kwenye tuta. Majivu usiweke: yana potasi, kweli, lakini huufanya udongo uwe wa chokaachokaa, na mwasumini kwenye udongo wa namna hiyo hushindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yapo. Ndiyo sababu ya majani ya njano utakayoyaona kwenye miasumini mingi ya pwani iliyopandwa juu ya mawe ya matumbawe.

Kuotesha kutoka tawi

Mbegu usitafute, mmea huu ni nadra kuzaa. Wote tulio nao tumepewa tawi na mtu, naye alipewa na mtu.

Chagua tawi lisilo bichi wala halijakuwa mti: ukilipinda linakataa kidogo kabla ya kukatika. Kata kipande cha sentimita 10 hadi 15 chenye mafundo matatu, yaani pale majani yanapotokea, ukipitisha kisu chini tu ya fundo la mwisho. Toa majani ya chini yote. Ya juu bakiza mawili na uyakate nusu, yasipoteze maji. Chomeka kwenye kopo lenye mchanga na mboji kwa kiasi sawa, fundo moja au mawili yawe ndani. Mwagilia, kisha funika kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kizibo kimeondolewa. Weka kwenye kivuli chenye mwanga. Mizizi hutokea kati ya wiki nne na nane kukiwa na joto. Mwezi wa saba hungoja mpaka tawi lioze, kwa hiyo fanya kazi hii kuanzia Oktoba hadi Februari, na uchomeke vipande sita ukitarajia vitatu.

Bibi yangu hakuwahi kuchomeka kitu. Alilaza tawi refu la chini hadi lifike ardhini, akalikwaruza kidogo kwa kisu mahali linapogusa udongo, akafukia hapo na kuweka jiwe juu. Ncha iliachwa nje. Baada ya miezi miwili au mitatu alivuta taratibu. Likikataa, lina mizizi, anakata upande wa mama. Kama una jirani mwenye mwasumini mkubwa na mnaelewana, njia hii haina hasara. Tawi linaendelea kulishwa hadi litakapojitegemea.

Kupanda

Panda vuli inapoanza, mwisho wa Oktoba au Novemba. Wengi hupanda masika kwa sababu mvua ni nyingi, lakini mche uliopandwa mwisho wa Aprili una wiki chache tu kabla ya baridi, na huingia kipupwe mizizi ikiwa bado inatafuta njia. Ule wa Novemba unapata miezi sita ya joto.

Usiuzamishe. Uso wa udongo wa kwenye kopo uwe sawasawa na uso wa ardhi. Shindilia kwa viganja, si kwa kisigino, mwagilia ndoo moja, kisha tandaza majani makavu au nyasi unene wa sentimita tano hivi, ukiacha shina limezungukwa na nafasi ya kiganja. Ikiwa unapanda zaidi ya mmoja, acha mita moja na nusu katikati. Unaonekana umbali mkubwa siku ya kwanza. Baada ya miaka mitatu matawi yatakuwa yameshikana.

Mwasumini hauna uamuzi: nusu ni kichaka, nusu unataka kutambaa. Ukiuacha huru utarusha matawi marefu yanayolala. Unaweza kuuegemeza kwenye waya ukutani, au kuukata uwe kichaka kinene cha kimo cha kifua. Mimi napendelea kichaka, maua yanafikika.

Maji

Mwezi wa kwanza baada ya kupanda, mwagilia kila baada ya siku moja ikiwa mvua hainyeshi. Baadaye tumia kidole: kichomeke hadi kifundo cha pili, kikitoka kikavu, mwagilia, kikitoka na udongo umeganda, nenda zako. Januari na Februari, jua linapowaka, mwasumini mkubwa hunywa ndoo moja mara mbili kwa wiki na kushukuru. Kipupwe, mara moja kwa siku kumi inatosha, na wiki zenye manyunyu usimwagilie kabisa. Mwagilia asubuhi, ili mmea usilale mizizi ikiwa na baridi na maji.

Julai utaona majani yanageuka njano na kudondoka, pengine mengi. Hapo ndipo mkono unapowasha kuchukua ndoo. Uache.

Kukata

Kazi hii ndiyo inayotenganisha mwasumini wenye maua na mwasumini wenye majani, nami ilinichukua miaka miwili kuikubali. Ua la asumini hutokea kwenye ncha ya tawi jipya, mara nyingi matatu pamoja, la katikati likifunguka kwanza. Tawi likishatoa maua yake, ncha ile imemaliza kazi. Usipoikata, mmea unabaki na matawi ya zamani yaliyorefuka, majani juu, mifupa chini, na mwenye bustani anayelalamika kwamba bara hakuna asumini.

Ngoja baridi ianze kuachia, mwisho wa Agosti au wiki ya kwanza ya Septemba, utakapoona macho madogo ya kijani yakivimba kwenye mafundo. Noa mkasi wa bustani na uufute kwa spiriti. Ondoa kwanza vilivyokufa. Ukikwaruza gome kwa ukucha na chini yake ni kahawia, hilo limekufa; likiwa kijani, lipo hai. Kisha ondoa matawi yanayokingamana na yale yanayokua kuelekea ndani, mpaka uone mwanga ukipenya katikati ya kichaka. Yaliyobaki yapunguze theluthi moja, na kama mmea una zaidi ya miaka mitatu, nusu. Kata juu kidogo ya fundo lenye jicho linalotazama nje.

Nusu ni nyingi, najua. Mara ya kwanza nilisimama na mkasi kama ninayeagizwa kumnyoa mtoto wa watu. Lakini kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, ambako asumini ya Madurai ina hadhi ya kulindwa kisheria kwa jina la mahali pake tangu 2013, wakulima wanaoishi kwa ua hili huvikata vichaka vyao hadi karibu sentimita 50 kutoka ardhini, kila mwaka. Hawafanyi hivyo kwa kuuchukia mmea.

Wiki sita hadi nane baada ya kukata, vichipukizi vipya vinaanza kubeba vitumba. Kuanzia hapo, kila kishada kinapomaliza, shuka nacho hadi jozi ya pili ya majani na ukate. Ni kazi ya dakika kumi kwa wiki, unaweza kuifanya ukizungumza na simu. Kila unapokata ncha moja hutokea mbili, na kila moja ina maua yake. Ukiendelea hivi kuanzia Novemba, unaweza kufikisha Mei bila kukosa. Baada ya Mei usikate tena. Vichipukizi laini vitakutana na baridi.

Chakula

Samadi ya mbuzi iliyooza, nusu debe kuuzunguka mmea mara tu baada ya ule mkato mkubwa wa Septemba. Kwa wenye kupenda mbolea ya dukani, NPK iliyosawazika (naitrojeni, fosforasi na potasi kwa kiasi sawa), kijiko kimoja cha chakula kwa mmea mkubwa, kila wiki sita katika miezi ya joto, kwenye udongo uliokwisha kulowa. Urea achia mahindi. Mwaka mmoja niliipa miasumini yangu na nikapata kichaka kizuri kuliko vyote mtaani, majani ya kung'aa, vitumba havizidi ishirini. Juni hadi Agosti usilishe kitu, aliyelala halishwi.

Kusoma majani

Jani jipya likiwa njano na mishipa yake imebaki kijani, linakosa chuma. Duka la pembejeo litakuuzia chuma cha kunyunyizia majani, lakini tafuta pia chokaa inakotoka, mara nyingi ni saruji iliyofukiwa. Majani ya zamani ya chini yakiwa njano yote kwa taratibu, mmea una njaa. Majani yakilegea huku udongo ni mbichi, mizizi inaoza: simamisha maji, ondoa matandazo, na kama ni wa kwenye chungu utoe, kata mizizi myeusi na uupande upya kwenye udongo mkavu kiasi.

Januari na Februari geuza majani uangalie chini. Utitiri mwekundu huacha vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba kama wa buibui. Wanachukia maji, kwa hiyo wapige kwa mpira wa maji chini ya majani asubuhi tatu mfululizo. Inzi weupe, vidukari na wale wadudu weupe kama vipande vya pamba kwenye maungio, wote huacha utamu unaonata, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Nyunyiza maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita, jioni jua likishapoa, na usuuze kesho yake. Mafuta ya mwarobaini pia yanafaa. Lakini tazama sisimizi: ukiwaona wakipanda shina kwa msururu, wanawalinda hao wadudu ili wanywe utamu wao, na usipowazuia utanyunyiza hadi uchoke.

Wanaoishi juu zaidi

Limuru, Njombe na kwingine ambako umande huganda baadhi ya asubuhi, usipande ardhini. Tumia chungu chenye matundu, upana wa sentimita 35 hadi 40, na Juni ukiingize barazani palipozibwa upepo au ndani karibu na dirisha lenye jua. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, mmea husimama kabisa. Ukiunguzwa na barafu usiung'oe haraka. Mara nyingi huchipua kutoka chini Oktoba. Mmea wa kwenye chungu hukauka upesi, kwa hiyo kiangazi utamwagilia karibu kila siku, na kila baada ya miaka miwili uutoe, upunguze mizizi ya pembeni na ubadilishe udongo.

Kuchuma

Vitumba huvimba mchana na kufunguka jioni, pwani kama saa moja usiku, huku kwetu kukiwa na ubaridi huchelewa kidogo. Asubuhi ua limeanza kunywea, na likikaa hugeuka rangi ya zambarau hafifu. Kwa hiyo ukitaka kutunga, usingoje lifunguke. Chuma alasiri, kama saa kumi, vile vitumba vilivyojaa na kuwa vyeupe kabisa, vyenye ncha iliyofungamana. Vilivyo na kijani viache kwa kesho, havitafunguka vikishakatwa.

Viweke ndani ya kitambaa chenye unyevu au jani la mgomba, mahali pa baridi, visirundikane. Sindano nyembamba na uzi wa pamba, ukipitisha kwenye kikonyo, si kwenye petali. Wafilipino, ambao asumini ni ua lao la taifa tangu 1934, hutunga mashada vivyo hivyo. Kwa kikuba, funga vitumba saba au nane pamoja na kijitawi cha mrehani na, ukibahatika kuupata huku bara, mlangilangi. Kivae kabla ya magharibi, kitafungukia nyweleni. Vitakavyobaki vitawanye juu ya mto wa kulalia, na asubuhi uvikung'ute kabla havijaacha doa.